Kuwasha na Kuzima Taa kwa Sauti: Mwongozo Kamili wa Balbu Janja na Wasaidizi wa Sauti

Wanaokwama katika kazi hii hukwama mahali pawili. Wa kwanza wanatazama balbu ikipepesa huku simu ikisubiri na kusubiri, mwisho inaandika kwamba imeshindwa kuunganisha. Wa pili wameshaunganisha balbu, lakini wakiiambia spika iwashe taa inajibu kwamba haijui kifaa chenye jina hilo. La kwanza ni tatizo la Wi-Fi, la pili ni tatizo la majina. Ndiyo maana mambo hayo mawili yamepewa nafasi kubwa hapa kuliko mengine.

Fuata hatua kwa mpangilio huu, na usimwite msaidizi wa sauti (Alexa, Google au Siri) kabla balbu haijaitii simu yako. Ukiruka hatua, hutajua kosa liko kwenye balbu, kwenye ruta, kwenye akaunti au kwenye matamshi, na utabaki unabahatisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Balbu janja yenye kitako kinachoingia kwenye holda yako. Soma maandishi ya balbu ya zamani. E27 ni ile nene ya kuzungusha, E14 ni nyembamba ya kuzungusha, B22 ni ya pini mbili za kusukuma na kugeuza, na GU10 ni ile fupi ya vimiguu viwili inayokaa darini. Kwa mwanga, angalia lumeni badala ya wati: lumeni 800 zinatosha chumba cha kawaida na zinakaribia mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60.

Njia ya mawasiliano. Hapa kuna makundi matatu. Balbu za Wi-Fi huungana na ruta moja kwa moja, hazihitaji kifaa kingine. Za Zigbee, kama nyingi za Philips Hue, huzungumza na kituo chao kidogo kilichochomekwa kwenye ruta kwa waya. Za Thread huhitaji spika au kisanduku chenye uwezo wa Thread, kwa mfano HomePod mini au Echo ya kizazi cha 4. Juu ya makundi haya kuna nembo ya Matter, kiwango kilichotoka mwaka 2022 ili balbu moja ifanye kazi na Alexa, Google na Apple bila kubagua. Kwa balbu tatu au nne, Wi-Fi inatosha. Ukipanga kufika balbu 20 au zaidi, nunua za kituo. Ruta nyingi za nyumbani huelemewa zikibeba vifaa vingi kwa mpigo, na lawama huishia kwa balbu.

Msaidizi wa sauti. Spika ya Echo kwa Alexa, spika ya Nest kwa Google, au HomePod kwa Siri. Kwa balbu za kawaida za Wi-Fi unaweza kuanza na simu peke yake. Kwa Matter utahitaji spika au kisanduku cha upande uliouchagua kikae nyumbani kama msimamizi.

Ruta yenye masafa ya GHz 2.4, pamoja na jina la Wi-Fi na nywila yake vikiwa vimeandikwa mahali.

Swichi ya kawaida ya ukutani. Kama taa yako inatumia swichi ya kuzungusha ili kupunguza mwanga, usifunge balbu janja hapo. Swichi ile hukatakata umeme, na balbu janja ina kompyuta ndogo ndani inayotaka umeme usioyumba. Inaweza kupepesa, kunguruma, na mwishowe kuungua. Fundi umeme aibadilishe kwanza.

Pia ngazi imara. Kiti juu ya meza si ngazi.

## Hatua ya 1: Andaa Wi-Fi

Balbu nyingi za Wi-Fi zina redio ya GHz 2.4 tu. Haziioni GHz 5 kabisa. Ruta nyingi za sasa hutangaza masafa yote mawili kwa jina moja, simu inachagua GHz 5 kwa sababu ina kasi, na wakati wa kuunganisha simu na balbu zinakuwa kama watu wawili wanaoitana wakiwa vyumba tofauti. Hapo ndipo alama ya kusubiri inapozunguka bila mwisho.

Ingia kwenye mipangilio ya ruta. Anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kisha:

1. Tenganisha majina. GHz 2.4 iitwe, tuseme, Nyumbani, na GHz 5 iitwe Nyumbani5. Kama ruta haikubali kutenganisha, zima GHz 5 kwa muda, unganisha balbu zote, halafu uiwashe tena. Balbu zitabaki kwenye 2.4 bila shida.

2. Weka ulinzi wa WPA2, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Ukiweka WPA3 peke yake, balbu nyingi zitakataliwa mlangoni.

3. Weka chaneli 1, 6 au 11. Chaneli 12 na 13 zipo kwenye baadhi ya ruta, lakini balbu zilizotengenezwa kwa soko la Amerika hazizisikii.

4. Tumia herufi na tarakimu za kawaida kwenye jina na nywila. Nafasi tupu mwishoni mwa jina na alama zisizo za kawaida huzichanganya baadhi ya balbu, nazo hazikwambii sababu.

5. Usiziweke balbu kwenye Wi-Fi ya wageni. Mara nyingi mtandao wa wageni huzuia vifaa kuonana, kwa hiyo simu na balbu zitakuwa kwenye ruta moja na bado hazitakutana. Wi-Fi inayofungua ukurasa wa kujisajili kwanza, kama ya hotelini, nayo haifai.

Fanya mabadiliko haya kabla ya balbu ya kwanza. Ukibadilisha jina au nywila ya Wi-Fi baadaye, kila balbu itapotea na utazirudia moja moja.

Umefaulu kama, ukiwa umesimama chini ya taa yenyewe, simu imeshika jina la GHz 2.4 na inafungua kurasa bila kusita. Simu ikisuasua pale, balbu itasuasua zaidi, kwa kuwa redio yake ni ndogo na imefunikwa na kivuli cha taa. Sogeza ruta kwanza.

## Hatua ya 2: Piga picha, kisha funga balbu

Kabla ya kupanda ngazi, piga picha ya kila kilichoandikwa kwenye mwili wa balbu: msimbo wa QR, namba ya utambulisho, na msimbo wa tarakimu 11 kama ni ya Matter. Baadhi ya balbu zina msimbo huo kwenye shingo peke yake, na ikishafungwa huuoni tena. Karatasi iliyomo kwenye boksi nayo itunze.

Zima swichi, subiri balbu ya zamani ipoe, itoe. Kama holda ni ya chuma, imelegea, au nyaya zake ni za zamani, zima umeme kwenye swichi kuu. Funga balbu mpya kwa kuishika kwenye shingo, juu ya kitako, usiikaze kwa nguvu.

Angalia pia kivuli cha taa. Kilichofungwa pande zote hunasa joto, na joto ndilo linaloua vifaa vya elektroniki ndani ya balbu za LED. Kama boksi limeandika kwamba balbu isitumike kwenye taa iliyofungwa, lifuate.

Washa swichi. Balbu iwake. Kuanzia sasa swichi hii ya ukutani inabaki imewashwa siku zote. Hili ni gumu kwa watu wa nyumba waliozoea kubonyeza ukuta kila wanapotoka, lakini umeme ukikatwa pale, balbu ni kipande cha plastiki tu. Hakuna sauti wala simu itakayoifikia. Waeleze wote leo. Ikibidi, weka kifuniko juu ya swichi, au nunua kitufe cha betri kinachobandikwa pembeni yake ili mkono uliozoea ukuta upate cha kubonyeza.

Wengine huona ni afadhali kubadilisha swichi yenyewe iwe janja na kuacha balbu za kawaida. Ni njia nzuri hasa panapokuwa na taa nyingi kwenye swichi moja, ila nyingi zinahitaji waya wa nyutro ndani ya kisanduku cha swichi, na kazi hiyo ni ya fundi umeme. Usichanganye: swichi janja inayokata umeme na balbu janja kwenye laini moja zitagombana kila siku.

## Hatua ya 3: Unganisha balbu na programu yake

Hii ni programu ya kampuni iliyotengeneza balbu. Usifungue ya Alexa au ya Google bado. (Balbu ya Matter unaweza kuiingiza moja kwa moja kwa msaidizi, lakini programu ya kampuni ndiyo inayoleta masasisho na mipangilio ya ndani, kwa hiyo pitia huku.)

Andaa simu kwanza. Iunganishe na Wi-Fi ya GHz 2.4. Zima data ya simu na VPN, kwa sababu wakati wa kuunganisha simu hushika Wi-Fi ndogo ya balbu isiyo na intaneti, na simu nyingi zikiona hivyo hukimbilia data zenyewe. Washa Bluetooth. Programu ikiomba ruhusa ya eneo, ikubalie. Kwenye Android, bila ruhusa hiyo programu hairuhusiwi kutafuta Wi-Fi zilizo karibu. Kwenye iPhone kuna ruhusa ya mtandao wa ndani. Aliyeikataa siku ya kwanza atatafuta balbu hadi achoke, maana programu haitamwambia kwamba yeye ndiye aliyefunga mlango.

Fungua akaunti kamili kwa barua pepe. Usiingie kama mgeni, na chagua nchi yako kwa usahihi. Sababu utaiona kwenye hatua ya 5.

Sasa balbu. Mpya huanza kupepesa yenyewe ikiwashwa. Isipopepesa, iweke upya kwa swichi ya ukutani. Mdundo ndio unaowashinda wengi: washa, hesabu moja kwa sauti ya kawaida, zima, hesabu moja, washa, hesabu moja, zima. Rudia mara 3 hadi 5 kulingana na maelezo ya kampuni, na umalizie ikiwa imewashwa. Ukienda haraka mno, umeme kidogo uliobaki ndani ya balbu unaiweka hai na haihesabu kwamba umezima. Ukienda polepole mno, inasahau hesabu na kuanza upya. Ukipatia, itaanza kupepesa yenyewe ndani ya sekunde chache.

Soma kupepesa kwake. Kwenye balbu nyingi za Wi-Fi, kupepesa haraka maana yake balbu inasikiliza jina na nywila kutoka kwenye simu. Kupepesa polepole maana yake imefungua Wi-Fi yake ndogo na inataka simu iingie humo. Kwenye programu chagua hali inayolingana na unachokiona. Ya haraka ikigoma mara mbili, jaribu ya polepole, kwa kuwa hiyo haisumbuliwi sana na ruta yenye masafa mawili.

Philips Hue ni tofauti. Kuchezea swichi hakuiweki upya. Chomeka kituo chake kwenye ruta kwa waya, bonyeza kitufe cha juu programu inapokuomba, kisha itafute balbu. Isipoonekana, andika namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 6 uliyoipiga picha. Kituo cha kawaida kinabeba balbu zipatazo 50.

Unganisha balbu moja kwa wakati, nyingine zikiwa zimezimwa. Vinginevyo utakuwa na balbu nne zinazopepesa na usijue ipi ndiyo iliyoingia.

Kipimo cha kufaulu kiko sehemu mbili. Kwanza, washa na zima kwa simu mara 10, zote zikubali. Pili, zima Wi-Fi ya simu, washa data, jaribu tena. Balbu ikitii ukiwa kwenye data, maana yake imefika kwenye seva za kampuni yake, na kwa balbu nyingi za Wi-Fi hiyo ndiyo njia ambayo Alexa na Google watapita. Ikigoma hapa, msaidizi naye atagoma. Usiendelee mpaka jaribio hili lipite.

Kukiwa na sasisho la balbu, lifanye sasa, na usizime umeme likiendelea.

## Hatua ya 4: Majina, kabla ya kumkutanisha msaidizi na balbu

Majina unayoyaandika kwenye programu ya balbu ndiyo yatakayohamia kwa msaidizi. Ukiyaacha yale ya kiwandani, utapata orodha ya tarakimu na herufi ambazo hakuna ulimi unaoweza kuzitamka.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna jambo la ziada. Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha za Alexa wala za Siri, na kwenye spika za Google pia utachagua lugha nyingine, mara nyingi Kiingereza. Sikio lililowekwa kwa Kiingereza litajaribu kuligeuza kila neno liwe la Kiingereza. Ukiita taa kwa jina la Kiswahili, usiulize kama msaidizi anajua maana yake, kwa sababu hahitaji kuijua. Uliza kama analiandika vilevile kila mara.

Jipime hivi. Mwambie msaidizi amri yenye jina unalolitaka mara tano, kwa sauti yako ya kawaida, ukiwa umbali utakaotumia kila siku. Kisha fungua historia ya sauti ndani ya programu ya Alexa, au ukurasa wa shughuli wa akaunti yako ya Google, usome alichoandika. Matokeo ni ya aina tatu:

- Ameliandika sawa mara zote. Jina ni zuri, litumie.
- Amekosea, lakini kosa ni lilelile mara zote tano. Bado unaweza kulitumia: hilo neno lake la makosa utaliweka kama msemo kwenye utaratibu wa hatua ya 7.
- Ameandika vitu vitatu tofauti. Liache. Hakuna mpangilio utakaoliokoa.

Maneno mafupi yanayoishia kwa irabu iliyo wazi na yasiyofanana na neno la Kiingereza huwa na nafasi nzuri zaidi. Yenye ng', gh au mb mwanzoni huponzwa mara nyingi. Na usiite taa ya nje Safari kama unatumia Siri: kwa vifaa vya Apple hilo ni jina la kivinjari cha intaneti.

Njia rahisi isiyo na mashaka ni kutumia majina ya Kiingereza ya vyumba, kama Kitchen na Bedroom, na kubakiza Kiswahili kwa taratibu za hatua ya 7. Vyovyote utakavyochagua, shika masharti haya. Balbu isiwe na jina sawasawa na chumba chake, la sivyo ukiita Kitchen msaidizi atakuuliza unamaanisha kipi. Majina mawili yasifanane kwa sauti. Epuka tarakimu: Light 1, Light 2 na Light 4 zinachanganywa kwa urahisi na maneno mengine, na baada ya wiki mbili wewe mwenyewe hutakumbuka ya 2 iko wapi. Iite kwa mahali ilipo, mfano Desk au Mirror.

## Hatua ya 5: Mkutanishe msaidizi na balbu

Alexa. Fungua programu yake, tafuta sehemu ya skill (viongezi vinavyomuunganisha Alexa na huduma za kampuni nyingine), andika jina la kampuni ya balbu, iwashe, kisha ingia kwa akaunti ileile uliyoifungua hatua ya 3. Baada ya hapo sema "Alexa, discover devices" na usubiri kama dakika moja.

Google. Kwenye programu ya Google Home bonyeza alama ya kujumlisha, chagua kuongeza kifaa kinachofanya kazi na Google, tafuta kampuni ya balbu, ingia. Ukiongeza balbu nyingine baadaye, sema "Hey Google, sync my devices" badala ya kuunganisha upya.

Siri. Kwenye programu ya Home ongeza kifaa, piga picha msimbo wa HomeKit (mfumo wa Apple wa vifaa vya nyumbani) wenye tarakimu 8 au wa Matter wenye tarakimu 11. Balbu isiyo na msimbo wowote kati ya hiyo haiingii humo moja kwa moja.

Orodha ikija tupu ingawa umeingia vizuri, makosa ya kawaida ni haya: uliingia kwenye programu ya balbu kama mgeni, kwa hiyo hakuna akaunti ya kuunganisha, umetumia barua pepe nyingine, au umechagua nchi tofauti na ile ya mwanzo, nawe unatafutwa kwenye seva ambayo haikujui.

Kwa Matter, msimbo wa kwenye balbu ni wa kuingilia mara ya kwanza. Ukitaka balbu hiyohiyo iwe kwa Apple na kwa Google, nenda kwenye programu iliyoishika kwanza, omba kushirikisha, nayo itatoa msimbo mpya. Uingize upande wa pili mara moja, kwa sababu dirisha hilo hujifunga lenyewe ndani ya dakika 15 au pungufu.

Chagua njia moja kwa kila msaidizi. Mtu aliyeingiza balbu kwa Matter, kisha akaunganisha na akaunti ya kampuni pia, anapata balbu moja ikitokea mara mbili kwa jina moja, na kila amri inaishia kwenye swali.

## Hatua ya 6: Vyumba, na mahali pa spika

Unda chumba ndani ya programu ya msaidizi, weka balbu zake humo, na uweke spika ya chumba hicho humohumo. Hatua hii ya spika ndiyo inayosahaulika. Spika ikijua iko chumba gani, unasema "turn on the lights" tu, bila jina lolote, na zinawaka za chumba hicho peke yake. Hapo tatizo la majina na matamshi linapungua sana. Kwa aliyechoka kusikia spika ikimjibu kwamba haikuelewa, hii ndiyo faida kubwa kuliko zote kwenye mwongozo huu.

Weka spika angalau sentimita 20 kutoka ukutani, mbali na televisheni na feni. Isiwe nyuma ya pazia.

Jaribu ukiwa mlangoni, kitandani na kwenye kiti chako. Mahali unapolazimika kupaza sauti ni mahali pa kusogeza spika.

## Hatua ya 7: Amri, kisha taratibu za maneno yako

Anza na hizi, moja moja, ukianzia na neno la kumwamsha msaidizi:

- "Turn off Desk" huzima taa moja.
- "Set Bedroom to 30 percent" huweka mwanga wa asilimia 30.
- "Make Bedroom warm white" huleta mwanga wa manjano tulivu, kelvini 3000 au chini yake (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Inafaa jioni. Kwa kusoma na kazi za mikono, kelvini 4000 au zaidi.
- "Turn off all the lights" huzima nyumba nzima. Itumie ukijua nani yuko bafuni.

Tamka jina la taa baada ya kitendo, bila kusita katikati. Ukinyamaza kidogo kabla ya jina, msaidizi huona umemaliza na kujibu nusu ya amri.

Sasa Kiswahili. Alexa na Google wote wanakuruhusu kutunga utaratibu: msemo mmoja unaoanzisha mambo kadhaa. Msemo unaandikwa na wewe, kwa hiyo unaweza kuandika "lala salama", na vitendo vyake viwe kuzima sebule, kuacha korido kwa asilimia 10, na kuzima chumba baada ya dakika 5. Chini ya msemo huo ongeza misemo mingine, yaani yale maandishi ya makosa uliyoyakuta kwenye historia ya sauti. Kama kila ukisema "lala salama" anaandika kitu kingine kilekile, kinakili herufi kwa herufi na ukiweke. Kwako ni Kiswahili. Kwake ni mlio unaofanana na mlio aliouhifadhi.

Msemo uwe na maneno mawili au matatu. Neno moja hutokea kwenye mazungumzo bila kukusudia, na marefu hukosewa.

Umefaulu mtu mwingine wa nyumbani, ambaye hakuwapo ulipopanga, anapousema msemo na taa zikatii mara tatu mfululizo.

## Hatua ya 8: Pangia balbu kitakachotokea umeme ukirudi

Balbu nyingi kutoka kiwandani huwaka kwa nguvu zote umeme ukirudi baada ya kukatika. Saa nane usiku hilo si jambo la kupendeza kwa mtoto aliyelala. Kwenye mipangilio ya balbu tafuta hali ya baada ya umeme kurudi, uchague irudie ilivyokuwa. Ila taa moja, ya korido au ya ngazi, iache iwake kila umeme unaporudi, ili swichi ya ukutani iweze kuitumikisha siku ambayo Wi-Fi haipo.

Umeme ukirudi, balbu huamka kabla ya ruta. Zipe dakika 2 hadi 5. Usianze kuziweka upya; ukifanya hivyo unafuta kila ulichopanga, wakati zilikuwa zinangoja tu ruta iamke.

## Ikigoma baada ya kuwa imefanya kazi

Msaidizi anasema kifaa hakijibu. Angalia swichi ya ukutani kwanza. Kweli, kwanza. Halafu fungua programu ya balbu. Ikitii huko, tatizo ni kiungo kati ya kampuni na msaidizi: kitenganishe na kukiunganisha upya. Isipotii huko pia, rudi kwenye Wi-Fi.

Balbu moja hupotea na kurudi. Mawimbi ni hafifu pale ilipo. Ibadilishane nafasi na balbu nyingine. Tatizo likibaki mahali palepale, ni mahali; likihama na balbu, ni balbu.

Anauliza unamaanisha ipi. Kuna jina lililobaki kutoka kwa balbu uliyoiweka upya. Lifute kwenye programu ya msaidizi, si kwenye ya balbu peke yake.

Zote zimekufa siku moja. Mtu amebadilisha nywila ya Wi-Fi, au ruta ni mpya. Ipe ruta mpya jina na nywila za ile ya zamani, herufi kwa herufi, na nyingi zitarudi zenyewe.

Intaneti imekatika. Alexa na Google hutegemea intaneti kuelewa sauti, kwa hiyo sauti inaweza kunyamaza ingawa Wi-Fi ipo. Balbu za Hue na za Matter bado zinaweza kuitii simu iliyo ndani ya nyumba.

## Sauti zenu na nani anaruhusiwa

Spika ina kitufe au swichi ya kuzima maikrofoni. Kwenye Echo taa nyekundu huonyesha kwamba imezimwa. Rekodi za sauti zinafutika ndani ya programu, na unaweza kupanga zijifute baada ya muda. Akaunti ya balbu na ya msaidizi ziwe na nywila tofauti na uthibitisho wa hatua mbili, maana anayeingia humo anaweza kujua nyumba iko tupu kwa kutazama taa tu.

Ukihama au ukimpa mtu balbu, ifute kwanza kwenye programu yake na kwa msaidizi, kisha uiweke upya kama kampuni yake inavyoelekeza. Balbu isiyofutwa inabaki imefungwa kwenye akaunti yako, na aliyeipokea anaweza kushindwa kuitumia hata afuate hatua zote hizi.